Mikanda Myekundu ya Fundi Cherehani

Kama kuna mtu aliyezaliwa mdomo ukiwa umetangulia, ni yule fundi cherehani wa barazani. Mwenyewe hudai anaweza kumshonea mbu suruali yenye mifuko miwili, na mbu akalalamika tu kwamba zipu inabana. Husema hayo pini zikiwa zimejaa mdomoni, wala hazijawahi kumchoma. Labda nazo zimeshazoea.

Duka lake ni baraza la nyumba yake. Kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kioo chenye ufa kinachompunguza kila mteja upande mmoja. Chini ya cherehani hulala mbwa wake, Jenerali, kidevu juu ya pedeli. Fundi akianza kushona, kichwa cha Jenerali kinapanda na kushuka, utadhani anakubali kila neno la bwana wake. Mtaani fundi alimtangaza kuwa mbwa mkali kupita kiasi. Ukweli ni kwamba Jenerali aliwahi kukimbizwa na kuku mwenye vifaranga, akaingia ndani kwa kupitia dirishani.

Basi siku moja akaja daktari wa mifugo, binti mpole mwenye buti za mpira. Akaeleza kwamba nyuma ya kinu cha unga kulionekana mbwa mgeni, anayumbayumba, mate yanamtoka, akauma mbuzi na baadaye akafa. Walipompima wakakuta kichaa cha mbwa. Kwa hiyo Jumamosi wangechanja mbwa na paka wote bure, kwenye uwanja wa shule. Kila atakayechomwa sindano angefungwa mkanda mwekundu shingoni, ili kesho yake wasaidizi wakipita nyumba kwa nyumba wajue nani amekosa. Alitaka fundi amtengenezee hiyo mikanda. Vipande vya kitambaa tu, akasisitiza, vya kufunga fundo.

Kumwambia fundi yule "vipande tu" ni sawa na kumtukania ukoo. Alikunja kitambaa mara mbili, akakipitishia mshono wa msumeno, akaweka na kifungo. Wa Jenerali aliutia pindo la dhahabu. Alipomaliza akaitundika yote kwenye kamba barazani, na mtaa mzima ukapunguza mwendo kuitazama.

Sasa, fundi huyu ana sheria yake moja: kitu hakitoki dukani bila kujaribiwa mwilini mwa mwenyewe. Hata maharusi huwasimamisha jua kali mpaka waombe maji. Muuza mkaa wa nyumba ya jirani alipomwona Jenerali amevaa mkanda wake, akasema mbwa huyo sasa amekuwa kama waziri, kilichobaki ni dereva. Fundi akavimba kichwa. Akamwambia amlete na wake apimwe shingo. Mbwa wa muuza mkaa anaitwa Mshahara, maana akitoka haonekani mpaka mwisho wa mwezi. Bahati nzuri alikuwepo. Akapimwa, mkanda ukamkaa barabara, na muuza mkaa akakataa katakata kuuvua.

Mwingine akaona, naye akaja. Na mwingine. Fundi akawa anapima shingo kuanzia asubuhi, anasifiwa, anajibu kwamba hiyo ni kazi ya mkono wa kushoto tu, wa kulia ameuacha upumzike. Ile ya daktari aliishona upya, akampelekea furushi zima, akapewa asante.

Jumamosi ikafika, na mtaani hakuna aliyetoka na mbwa. Aende kufanya nini? Mkanda si anao? Walioulizwa wakajibu kwamba wao wameshamalizana na fundi. Na fundi mwenyewe alibaki barazani, akisingizia kushona sare za shule. Ukweli anaujua mkewe peke yake: mtu huyu anayeshika sindano kutwa nzima hawezi kutazama sindano ikiingia kwenye kitu kinachopumua. Siku alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, aliyezimia kliniki kwa ajili ya chanjo hakuwa mtoto.

Uwanjani walijaa mbwa wa mitaa mingine, daktari asijue nani katoka wapi. Kesho yake wasaidizi wakapita. Kila shingo nyekundu. Wakafurahi, wakafunga boksi lao la barafu lenye chanjo zilizobaki, gari likawashwa kuelekea kwingine. Kabla ya kuondoka daktari akapita barazani kuaga.

"Mzee wangu, mtaa huu umenishangaza," akasema. "Hakuna hata shingo moja tupu. Naondoka roho yangu imetulia."

Fundi akafungua mdomo ajisifu. Hapohapo akamwona mjukuu wake, yule anayejifunza kutembea, amekaa chini ya cherehani anamlisha Jenerali biskuti. Kiganja chote kiko mdomoni mwa mbwa, na mtoto anacheka kwa kutekenywa na ulimi. Fundi akautazama mkono ule mdogo. Akakumbuka maneno ya daktari ya siku ya kwanza, kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna.

Akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kimto chake cha pini. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo, akajua kuna jambo. Hata siku ya kuposa hakuzitoa.

"Daktari, hiyo mikanda nimewavisha mimi," akasema fundi. "Nilikuwa napima tu. Huyu hajachomwa, na karibu mbwa wote wa mtaa huu hawajachomwa."

Mkewe akaweka beseni chini. "Baba watoto, yaani umeushonea mtaa mzima uongo, tena wenye vifungo."

Daktari akatazama jua, akatazama gari. Akasema chanjo zinatosha na barafu haijayeyuka, anaweza kusubiri uwanjani mpaka jioni. Ila watu waliokwisha kuambiwa mara moja, nani atawatoa majumbani mara ya pili?

Fundi akachukua mkasi wake mkubwa, akatoka.

Mlango kwa mlango akasema kosa ni lake. Akasema mkanda bila sindano ni koti la suti bila suruali: dirishani unaonekana bwana, mlangoni unatia aibu. Kisha akakata mkanda. Wengine walimcheka, wengine walinuna, lakini walifunga mbwa kamba wakamfuata. Kwa muuza mkaa akakuta mikono imekunjwa kifuani.

"Wako ameshachomwa?" akauliza muuza mkaa.

"Bado."

"Basi atangulie Jenerali. Nikiona umemshika kwa mikono yako bila kuanguka, nakuja na wangu."

Hilo likawa tangazo kubwa kuliko tangazo lolote. Watu ambao hata paka hawana walikwenda uwanjani kuangalia.

Jenerali alipoliona boksi, miguu ikagoma. Fundi akambeba kama gunia, akapiga magoti, akaficha uso kwenye manyoya yake na kufumba macho. Halafu akaanza kusema. Kwamba haogopi. Kwamba ukoo wao haujui hofu ni rangi gani. Kwamba babu yake aling'oa jino lake mwenyewe kwa koleo, akalitazama, akalirudisha kwa sababu halikuwa lenyewe, akang'oa la pembeni.

"Mzee wangu, sasa mwachie," daktari akasema.

"Nimwachie vipi na hujamchoma?"

"Nilishamchoma zamani. Nilikuwa nasubiri umalizie habari ya jino."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Jenerali alikuwa anatingisha mkia, ananusa buti za daktari.

Baada ya hapo foleni ikajipanga yenyewe. Mke wa fundi alikuwa ameileta cherehani kwa mkokoteni, wakaiweka kandokando ya meza ya daktari. Mbwa akichomwa, fundi anauunga mkanda wake kwa uzi mweupe, ili mwekundu mtupu usimdanganye mtu tena. Daktari akawa anawaeleza watu kwamba chanjo hurudiwa kila mwaka, na kwamba aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asikae kungoja. Fundi akawa anarudia kila neno kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kalitunga yeye.

Muuza mkaa akatimiza ahadi. Mshahara alikuwa ameshapotea kama kawaida yake, lakini aliposikia wenzake wanabweka akatokea mwenyewe, katikati ya mwezi.

Wa mwisho alikuja mke wa fundi, mjukuu mgongoni, paka kwenye kapu akitukana kwa lugha yao. Fundi, kwa mazoea tu, akavuta futi ya kupimia shingoni mwake akainama kumpima paka. Mkono ukasita hewani. Akairudisha futi mahali pake, akaonyesha kwa kidole meza ya daktari.

"Kwanza kule," akasema. Kisha akageuza uso upande wa pili na kuanza upya habari ya jino la babu.