Nguo za Watu Haziendi Chini

Chumba chetu cha Gatwekera, Nairobi, kilikuwa udongo mtupu. Kuta za udongo, sakafu ya udongo, na juu mabati yaliyoshika masizi ya majiko ya wapangaji waliotutangulia. Humo ndani, mimi na mama mkwe wangu tulipiga pasi nguo za watu karibu miaka mitano, katika miaka ya sabini, na nyingi za nguo hizo zilikuwa nyeupe.

Hatukuianza kazi hiyo kwa kupenda. Mume wangu alikuwa kibarua Industrial Area. Asubuhi moja, masika yakiwa yameanza, alitia nguo zake mbili tatu kwenye mfuko, akasema amepata kazi ya ujenzi Thika na atarudi baada ya juma moja. Mama yake alikuwa kwetu wakati huo. Alikuwa ametoka Kitui kuja kutibiwa macho, na siku ya kurudi ilikuwa karibu. Juma likaisha, mwezi ukaisha. Nilimwulizia kwenye lango la kiwanda, nikaenda hospitali, nikafika mpaka Thika nikiwauliza mafundi kwenye majengo mapya. Askari mmoja aliniambia kwamba wanaume wa Nairobi hupotea na kujirudisha wenyewe. Niliporudi mikono mitupu mara ya tatu, mama mkwe akasema haendi Kitui kabla hajasikia habari za mwanawe. Tukabaki wanawake wawili na kitanda kimoja. Mtoto sikuwa naye. Niliyemzaa mwaka uliotangulia hakumaliza mwezi.

Wazo la pasi lilikuwa lake. Usichanani mwake alikuwa amefua na kupiga pasi kwenye nyumba za misheni moja karibu na Machakos, na ujuzi ule haukumtoka. Jicho lake moja lilikuwa limepata nafuu, basi akawa ndiye anayezunguka kukusanya nguo. Alivuka Ngong Road kwa miguu mpaka Kawangware na Riruta Satellite, kwa wenye ploti za kupangisha na walimu na makarani, watu waliotaka kola ngumu siku ya Jumapili. Akirudi na bunda kichwani, alizifua nje mbele ya mlango, nami nikazipiga pasi.

Kilichotusumbua zaidi ni sakafu. Meza yetu ilikuwa mbao za sanduku la mizigo, juu yake blanketi kuukuu na shuka. Nguo ndefu, tuseme pazia au kanzu ya kwaya, haienei mezani. Unavuta sehemu ya kupiga, na ile uliyokwisha kuinyoosha inateleza upande wa pili kuelekea chini. Ikigusa udongo mara moja tu, inarudi kwenye karai, na kazi yako ya asubuhi nzima imekwenda bure. Mama mkwe alinifundisha kunyunyiza maji sakafuni na kufagia kabla makaa hayajashika, kisha kutandika magunia chini ya meza na shuka safi juu ya magunia. Viatu vilibaki mlangoni, hata kukiwa na mvua, hata mgeni awe nani. Pasi, iliyokuwa ya makaa, ilipulizwa nje ili majivu yasirukie nguo, na ukiingia nayo unaipangusa kwenye kitambaa chenye maji, halafu unaijaribu kwenye tambara. Shati likiisha linapanda moja kwa moja kwenye waya tuliouvuta kutoka ukuta hadi ukuta, na waya huo tuliufuta masizi kila asubuhi.

Nguo ndefu zilitaka watu wawili. Yeye alikaa kwenye stuli upande wa pili wa meza, leso safi magotini, akipokea kinachoteremka na kukikunja taratibu mapajani.

“Nguo za watu haziendi chini,” alikuwa akisema. “Mtu akikupa nguo yake amekupa ngozi yake.”

Zaidi ya hapo hatukuzungumza sana. Hatua zikipita nje, wote wawili tulizisikiliza mpaka ziishe, kisha tukaendelea. Jina la mume wangu lilitajwa mara moja kwa siku, kwenye sala yake ya asubuhi.

Mwaka wa pili nilianza kuona jambo. Bunda la Satellite lilikuja kila Alhamisi, na ndani yake kulikuwa na mashati ya mwanamume ambayo hakuniruhusu kuyagusa. “Haya niachie,” aliniambia, “mgongo wako umechoka.” Nilidhani ananihurumia, na nilimshukuru. Aliyapiga polepole sana, uso karibu na kitambaa kwa sababu ya macho yake, hata nikaogopa mvuke utamuunguza. Siku hizo za Alhamisi alikuwa mchangamfu kidogo. Niliwaza kwamba huko Satellite kuna nyumba inayompa chai.

Kisha jirani yetu mmoja akafiwa na mama yake, na mama mkwe akaenda kukaa na waombolezaji. Bunda la Satellite lilikuwa limekauka, mvua inanyesha, nami nikaona nisikae bure. Nilitandaza shati jeupe la kwanza, nikaanza na kola kama nilivyofundishwa. Kola ilikuwa imegeuzwa. Zamani tulifanya hivyo, shati likichakaa shingoni unafumua kola, unaigeuza upande wa ndani kuwa nje, unashona upya. Kwenye ncha ya kulia, uzi mweupe ulikuwa umeisha na aliyeshona akamalizia na uzi wa bluu.

Aliyeshona ni mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kile kile, na mume wangu akanicheka kwa sababu ya ule uzi wa bluu, akasema tai itauficha.

Nilisimama pale mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya shuka la meza.

Mama mkwe aliporudi alivua viatu mlangoni. Nilimwonyesha shati, na kabla hajasema neno nikaliachia. Lilianguka nje ya shuka, mahali maji ya mvua yalipokuwa yakiingia chini ya mlango. Aliinama kwanza akaliokota, akalikung’uta tope kwa kiganja. Kitendo hicho kiliniudhi kuliko chochote ambacho angeweza kusema.

“Unajua ni la nani,” nikamwambia.

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka jana.”

Akakaa kwenye stuli na kunieleza, shati likiwa mapajani, akiongea kwa sauti ile ile ambayo angetumia kueleza bei ya sabuni. Alikuwa amebisha mlango kwenye nyumba za mawe huko Satellite, na msichana mwenye mimba akampa nguo za kufua. Akiwa hapa kwenye karai, vidole vyake vikaikuta ile kola, aliyowahi kuifua mwanawe akiwa bado kwetu. Mwanzoni aliomba iwe shati limeibwa, au limeuzwa. Juma lililofuata alikwenda akakaa ng’ambo ya barabara kwa mwuza makaa, mpaka akamwona mwanawe anashuka kwenye basi, amenenepa, ana mkate mkononi. Hakumwita. Tangu hapo alikuwa akizichukua nguo asubuhi, mwanawe akiwa kazini. Msichana alimjua kama mama mzee wa kufua tu, na mtoto alipozaliwa, msichana akawa anampa ambebe huku yeye mwenyewe akikusanya nguo.

Nilimwuliza kwa nini hakumwita.

“Ningemwita angehama,” alisema. “Ningekosa hata shati.”

“Na mimi je, Mwaitu? Mimi ulinifanya nini?”

Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, na sikuwahi kumwita jina jingine. Aliupapasa ule uzi wa bluu kama anayeusoma.

“Ningekwambia ungekwenda zako kwenu,” alisema. “Mimi ningebaki na nani humu?”

Nilitaka kumchukia, na kwa siku hiyo nadhani nilimchukia. Nililala nimegeukia ukuta. Yeye alilifua shati upya kwa maji ya mvua, akalitundika karibu na jiko.

Asubuhi nilimwambia nguo za Satellite nitazipeleka mwenyewe. Hakubisha. Nililipiga shati lile pasi kwa mkono wangu na kola nikaipiga vizuri, na mpaka leo sijui kwa nini. Njia nzima, kutoka kwetu mpaka Kona ya Dagoretti na kuendelea, niliyapanga maneno. Nilitaka kumwambia msichana yule mimi ni nani, na huyo anayemfulia ni nani, na mwanamume anayelala naye ni mtu wa namna gani.

Alifungua mlango mikono ikiwa na unga wa chapati. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano au sita. Hata kabla sijasalimu vizuri aliniuliza kama mama mzee ni mgonjwa. Nikasema hapana, ana kazi, mimi ni binti yake.

“Karibu ndani basi,” akasema. “Huyu amemzoea sana. Alhamisi mlango ukigongwa anatambaa mbio.”

Mtoto alikuwa wa kike. Mama yake alinipakatisha ili apate kuzitoa nguo kwenye shuka, na alizilaza kitandani kwa uangalifu mkubwa, moja moja, bila kuzikunja. Koti ninalolijua lilikuwa mgongoni mwa kiti. Mtoto alikuwa mzito, na paji la uso lilikuwa la baba yake. Alipoanza kulia, mama yake alimwita jina ili anyamaze.

Jina lilikuwa la mama mkwe wangu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, hilo kila mtu analijua, lakini sikuwa nimelitarajia kutoka kwa mtu aliyemwacha mama yake kwenye chumba cha kupanga bila kuaga. Na Mwaitu hakuwa amenitajia. Kumbe kila Alhamisi alikuwa akimbeba mtoto anayeitwa kama yeye, na akiulizwa lake anasema “Mama wa kufua.”

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniisha. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake, nikaaga, nikaondoka. Nyumbani nilisema tu, “Mtoto amekuulizia.” Mama mkwe alijifunika uso kwa leso.

Alhamisi iliyofuata alikwenda mwenyewe. Alirudi jua likiwa utosini, shuka limekunjwa chini ya kwapa. Huko Satellite mlango ulikuwa wazi na mfanyakazi wa mwenye ploti alikuwa anafagia. Walikuwa wamehama Jumapili. Majirani walisema mwanamume alirudi jioni moja, akazungumza na mkewe, kisha akaanza kufunga vitu, na yule msichana akalia siku mbili bila kuelewa wanakimbia nini. Walikokwenda hakuna aliyejua.

“Ulimwambia nini?” mama mkwe aliniuliza.

“Sikumwambia kitu.”

“Lakini alikuona sura.”

“Aliniona.”

“Na ukasema wewe ni binti yangu.”

“Nilisema.”

Akatikisa kichwa polepole kukubali, akaenda kuteka maji. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye. Afadhali angenilaumu.

Tuliendelea na kazi miaka mingine miwili. Alhamisi hakutoka tena, na nguo za Kawangware nilianza kuzifuata mimi. Macho yake yakaanza kufifia tena. Siku moja nilikuwa napiga pasi kanzu ya kwaya, yeye akipokea, nikaona pindo limeteleza kutoka magotini mwake, limepita ukingo wa shuka, limelala kwenye udongo. Alikuwa bado amekinga mikono, anangoja. Niliiinua kimya kimya, nikasema makaa yamekufa, nikatoka nayo nje nikaisugua pale ilipoingia uchafu. Baada ya hapo ilitokea mara nyingi, na mara zote makaa yalikuwa yamekufa. Sidhani kama aliniamini.

Mwishowe akaomba nimrudishe Kitui. Nilimpeleka kwa basi, nikakaa naye juma zima, nikamwacha kwa wifi yake. Barua ya kifo chake ilinifikia mwaka uliofuata, na nikasafiri siku hiyo hiyo.

Mwanawe hakuwapo maziko yakifanyika. Hapakuwa na mtu aliyejua habari zipelekwe wapi. Wazee walilitaja jina lake kwenye orodha ya watoto wa marehemu, wakapita upesi. Mchana, tukiwa tunaosha masufuria nyuma ya nyumba, wifi yake yule mzee alinisogelea akaniuliza kama ni kweli hakuna aliyewahi kumwona tena.

Nilimwambia kweli yote. Kwamba aliishi Satellite, ana mtoto wa kike, na Mwaitu alimbeba mtoto huyo kila Alhamisi kwa karibu mwaka mzima.

“Anaitwaje?” akauliza.

Nikamtajia jina. Alifuta mikono yake kwenye leso, akaketi juu ya jiwe, akaniambia nilitaje tena. Kisha akainuka akaenda kuwaambia wanawake waliokuwa jikoni, nami nikaendelea na masufuria.