Mikono Miwili ya Kushoto

Binti wa marehemu dada yangu nilimbandika jina Kidole, maana tangu tumzike mama yake, kazi yake ilikuwa kusugua simu. Ana miaka ishirini na miwili, fundi cherehani hasa, mkono mwepesi kunizidi. Lakini akila, simu. Akipiga pasi, simu. Nikasema huyu mvivu tu.

Siku moja alikata mikono ya gauni la mwalimu, jicho moja kwenye video. Hakukunja kitambaa mara mbili ili mkono mmoja utoke wa kulia, mwingine wa kushoto. Ikatoka mikono miwili, yote ya kushoto, na kitambaa chenyewe kimekwisha.

"Haki ya nani!" nikafoka. "Umeona wapi mtu mwenye mikono miwili ya kushoto?" Nikampokonya simu, nikaitia kwenye kopo la vifungo. "Ukiigusa tena, tafuta pa kwenda!"

Nilidhani atanijibu jeuri. Wapi! Aliketi chini kwenye vipande vya nguo, pumzi zinamkwama. Jamani, niliogopa. Dada nimeshamzika, huyu naye nikimpoteza, nitabaki na nani?

"Mama mdogo, nirudishie. Humu ndani kimya sana."

"Kimya gani, na cherehani zinanguruma?"

"Mama alikuwa anaongea. Wewe huongei. Hata jina lake hulitaji. Kwenye simu angalau kuna watu."

Yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Dada akimpima mteja alitangaza kwa sauti, binti akiandika: "Kifua thelathini na nane! Kiuno... ah, kiuno tutamsitiri!" Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipofariki nikaanza kuandika vipimo mwenyewe, kimyakimya, nisije nikalia mbele za watu. Mtoto nikamwachia simu, kisha nikamtukana kwa kuing'ang'ania.

Nilimrudishia. Na nisiwadanganye, mpaka leo simu bado inamshinda siku zingine.

Kesho yake mwalimu alikuja. Nikamwomba radhi, nikamwambia kitambaa kipya ni juu yangu na vipimo tuanze upya. Nikashika utepe, nikapaza sauti: "Bega kumi na tano! Kifua arobaini! Kiuno..." Nikakwama. Machozi yakanitoka hadharani, mwalimu ananikodolea macho.

Nyuma yangu nikasikia simu ikiwekwa mezani.

"Kiuno tutamsitiri," binti akasema, akachukua kalamu.