Pulchérie Amzoesha Pamba Kuchanwa

Pulchérie alikuwa msusi, na akina mama wa Gisenyi walimsifu kwamba mkono wake hauumizi. Alikuwa amerudi kutoka Goma baada ya vita, akapanga chumba karibu na mpaka, akawa anasuka watu uani. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na nane dada yake wa Goma alimletea mtoto wa mbwa, mweupe, manyoya marefu yamejaa mafundo. Mwenye mbwa alikuwa amekimbia mapigano.

"Walikuwa wanamufunga kamba, wanamunyoa kwa nguvu," dada alimweleza. "Akiona makasi, anauma."

Pulchérie akamwita Pamba. Tangu mauaji ya mwaka wa tisini na nne, maiti zilipolala barabarani na mbwa wakazizunguka, watu wengi mjini hawakutaka kumwona mbwa. Sababu waliijua wote, na hawakuitaja. Béata, jirani wa uani, ambaye wengi walimwita Mama Alliance kwa jina la mwanawe, aliingia ndani kila Pamba alipotoka.

Pulchérie hakumlaumu. Alishika kazi. Katika ususi wake alijua kuwa mtoto mwenye kichwa kidonda haanzwi kwa kitana, huanzwa kwa kiganja. Basi juma zima alimgusa Pamba bega tu, akampa kipande cha kiazi, akamwacha aende. Kisha sikio. Kisha unyayo, kitambo kidogo, kiazi tena. Brashi aliilaza kando ya bakuli la chakula, Pamba akainusa siku nne. Siku ya tano Pulchérie aliipitisha mgongoni mara moja, akaiweka chini. Pamba akinguruma, yeye aliacha papo hapo. Mafundo aliyafumua kwa vidole, mawili matatu kwa siku.

"We uko na subira," Béata alimwambia siku moja kutoka mlangoni kwake. "Mi ningemupiga."

"Nikimupiga leo, kesho ataogopa mukono yangu. Nitamuchana na nini?"

Mwezi wa tatu, mvua zikinyesha, Pamba alianza kutikisa kichwa na kulia. Kupe alikuwa amezama ndani ya sikio, na sikio limevimba. Mtu mmoja asingeweza kulifungua na kumtoa kupe kwa pamoja.

"Mama Alliance," Pulchérie aliita, "unisaidie. Ushike sikio tu."

Béata aliingia ndani kwanza, akatoka na kitenge. Hatimaye alivuka ua, kitenge amekizungushia mkononi, akapiga magoti na kulishika sikio. Pamba alisimama kama alivyozoezwa, mpaka Pulchérie alipomng'oa kupe kwa kibanio cha nyusi.

"Hakuuma," Béata alisema.

"Hapana, hakuuma. Asante, mama."

Béata hakumpapasa. Akaenda kunawa, akanawa tena. Jumatatu alikuja kuuliza kama sikio limepona. Pulchérie alikuwa anamchana Pamba, basi akamvutia jirani yake kigoda, naye akakaa hadi kazi ilipokwisha.