Ngoma Kubwa Ndani ya Gari la Baba Mdogo

Gari la baba mdogo lilinuka Nairobi. Angalau ndivyo nilivyoamini, maana mimi Nairobi sikuwa nimefika, na ile harufu ya viti vilivyopigwa na jua, petroli, maganda ya machungwa na manukato ya kijani yaliyoning'inia kwenye kioo haikufanana na kitu chochote cha kwetu. Kwetu kulinuka moshi wa kuni mbichi, samadi na majani yaliyolowa, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kando ya Msitu wa Kakamega, si mbali na kituo cha Isecheno, na msitu ule hauachi kutoa unyevu hata Desemba. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Krismasi ya kwanza bila baba. Baba mdogo, Ambani kwa jina, alimfuata baba kuzaliwa. Alikuwa dereva wa watalii, na mwaka huo alikuja nyumbani na gari lake mwenyewe la mgongo mrefu, lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, lenye maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna aliyejua kama yanakaribisha watu au yanawafukuza. Watoto wa jirani walikuja kulishika, wakafukuzwa, wakarudi. Mimi sikufukuzwa. Nilikuwa mtoto wa marehemu, na mtoto wa marehemu huachiwa mengi.

Niseme wazi nyumba yetu ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa pekee, jambo ambalo kwetu watu huliulizia kwa sauti ya chini. Baba alifariki mwezi wa Machi kwa homa ya mapafu. Siku za kilio nyumba ilijaa mpaka watu wakalala jikoni. Baada ya mazishi kila mmoja akabeba sufuria yake akaenda, tukabaki wawili na ng'ombe mmoja. Mama hakulia tena. Ningefurahi kama angelia. Aliamka, akakamua, akaenda kuchuma majani chai, akarudi, akasonga obusuma, ugali wetu, tukala. Jina la baba hakulitaja. Nikimwuliza jambo lolote kumhusu, alinituma maji, na mwaka huo nilichota maji mengi sana. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, lakini mimi nadhani hata anayekula kila jioni na mtu asiyesema naye ameionja kidogo. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: mama aketi nami, aniambie habari za baba. Nilikuwa nimeanza kumsahau. Sura yake ilikuwa kwenye picha ya kitambulisho chake. Sauti ndiyo iliyokuwa ikinitoroka, na nililala nikiogopa kwamba nitaamka nikute imekwisha.

Kulikuwa na kanda moja. Haikuwa na maneno ya baba, ilikuwa na mikono yake. Siku za kazi baba alikuwa kwenye kitalu cha miche cha kituo cha msitu, lakini Jumamosi alikuwa mpiga isukuti, ngoma zetu za harusi, za mazishi na za kupiganisha mafahali. Ngoma hizo ni tatu, hukumbatiwa kwapani na kupigwa kwa viganja. Mbili ndogo huropoka tu huko juu. Ile kubwa, ya ngozi ya kenge, ndiyo humwambia kila mtu mguu uende wapi. Baba alipiga kubwa. Baba mdogo aliwahi kurekodi harusi moja kwa redio kubwa ya kuazima, akaiweka chini karibu na miguu ya kaka yake. Baada ya mazishi kanda ile niliitia kwenye mkoba wa shule, na mama hakuiulizia. Mara chache alipokuwa ameenda kuchuma chai niliicheza kwenye redio yetu ndogo. Nilisikia njuga, pembe, vigelegele, ngoma ndogo zikiropoka. Baba hakuwemo. Nilizungusha kila kitufe, nikatega sikio mpaka likauma, na bado hakuwemo.

Kwa hiyo gari lilipofika nilikuwa na haja nalo, si kama watoto wengine waliotaka kupigiwa honi. Siku ya pili nilimpa baba mdogo kanda, akaisukuma kwenye redio iliyokuja na gari, ile ya kiwandani. Sauti ilitoka safi mno. Tulimsikia hata mzee mmoja akidai kiti chake. Lakini pale ilipopaswa kuwa ngoma kubwa palikuwa na mdundo mdogo, kama mtu anayebisha kibuyu kwa ukucha. Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kusimulia habari ya simba mmoja tangu asubuhi hadi chai ya saa kumi. Siku hiyo alirudisha kanda mwanzo, akasikiliza tena.

"Ngoma iko humu, mama," akaniambia mwishowe. Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Iko, ila haina pa kutokea. Hizi spika ni visosi vya chai."

Kesho yake alikwenda Kisumu akarudi na sabufa, sanduku zito lililovikwa zulia jeusi, na ndani yake amplifaya yake yenyewe. Alinieleza kwamba redio ya gari haitaguswa, itabaki vilevile na visosi vyake. Hili sanduku litakaa nyuma na kubeba zile sauti nzito tu. Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi, akaliangalia likishushwa.

"Shemeji, hata mwaka haujaisha," alisema, "na nyinyi mnatuletea disko."

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama alikuwa ameshampa jembe. Sasa baba mdogo akaliegemeza ukutani, akafungua boneti. Nami nikakaa kwenye nyasi kumtazama, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuwa. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi, akaupenyeza kwenye tundu lenye mpira nyuma ya injini hadi ndani, akaufuatisha chini ya zulia la gari mpaka nyuma. Redio ile haikuwa na mahali pa kuchomeka kitu kingine, basi akang'oa plastiki za ubavuni, akachuna waya za spika za nyuma kwa meno, akaunga humo nyingine za kwenda kwenye sanduku. Waya wa mwisho, ule wa kurudisha umeme, aliufunga kwa skrubu kwenye bati la bodi. Alipowasha, sanduku liliguna mfululizo, hata kanda ilipokuwa imezimwa, na ng'ombe wetu akavuta kamba. Majirani waliokuwa wamekuja kuona wakacheka, wakasema Ambani amefunga posho mill ya kusaga unga. Kosa lilikuwa rangi: alikuwa amefunga waya juu ya rangi ya gari, na umeme hautaki rangi, unataka chuma kitupu. Akakwangua kwa kisu cha jikoni bila kumwomba mama, akafunga tena, mguno ukakatika.

Tukaweka kanda. Nilikuwa nimekaa nyuma, magoti yamegusa sanduku, pumzi nimeishika. Harusi ikaanza, pembe ikalia, ngoma ndogo zikaingia, na ile kubwa ikawa hafifu kuliko hata jana. Mdundo wa ukucha nao ulikuwa umemezwa. Baba mdogo aliongeza sauti, akaongeza tena, akazima. Alikaa akiwa ameshika usukani, akasema labda redio aliyoazima siku ile haikuishika ile ngoma, labda tangu mwanzo haikuwemo. Nililia. Sikulia hivyo hata kaburini. Kaburini nilikuwa na watu wengi na nilikuwa najua wanalilia nini. Kwenye gari lile nililia kwa sababu mtu mzima alikuwa amesema kwamba hakuna kilichobaki. Mama alinisikia kutoka jikoni, nina hakika, kwa kuwa ungo ulinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Nadhani ni kile kilio kilichomrudisha baba mdogo nyuma ya gari. Alipiga magoti, akatazama zile waya alizounga, akaanza kujitukana kwa Kiisukha, lugha yetu. Alikuwa amezipishanisha. Alinieleza huku akizifungua: spika za gari zinaposukuma, sanduku linavuta, kama watu wawili wa msumeno mmoja wanaovuta wote kwa pamoja, mti haukatiki na jasho linatoka. Akageuza mbili hizo, akazikaza. Akaniambia nifunge vioo vyote.

Haikuja masikioni kwanza. Ilikuja mgongoni, kupitia kiti, halafu tumboni, na ndipo nikajua kwamba ninaisikia. Kiganja kizito, kisha kingine, kisha lile pengo dogo ambalo baba alikuwa akiliacha kabla ya kubadilisha mwendo, na katika pengo hilo alikuwa akiinua kidevu. Nilikiona kidevu. Sikuwa nimekikumbuka tangu Machi, na sasa nilikiona na kovu lake. Nilitoka nikakimbia kumwita mama, na sikuhitaji kumwita, alikuwa ameshasimama katikati ya uwanja na maharagwe kwenye ungo. Nilidhani anakuja kuzima. Alinipa ungo. Baba mdogo akashuka, akamwachia kiti cha dereva, na mama akaingia, akafunga mlango, akabonyeza kufuli, milango yote ikajifunga kwa mpigo mmoja. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango wa nyuma.

Sidhani alinikusudia mimi. Alifungia nje kila mtu, nami nilikuwa miongoni mwao. Baba mdogo aliondoka akaenda kusimama kwa ng'ombe, akalipa gari mgongo. Nikabaki na ungo wa maharagwe kando ya gari lililofungwa, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitarajia. Nje hakukuwa na pembe, wala njuga, wala vigelegele, wala zile ndogo na kuropoka kwao. Vioo na bati vilikuwa vimezizuia zote. Kilichopenya kilikuwa ngoma kubwa peke yake. Mama huko ndani alikuwa na harusi nzima. Mimi huku nje nilikuwa na baba tu. Niliweka ungo chini, nikaegemeza kifua mlangoni, naye akanipiga taratibu kifuani, bati likitetemeka. Ilikuwa furaha, siwezi kuikana. Na niliumia kuliko siku yoyote ya mwaka ule, kwa kuwa niliweza kumwona mama, paji lake kwenye usukani, kitambaa kikimteleza, umbali wa mkono mmoja, na nilibisha kioo naye hakugeuka. Tulikuwa tunamsikiliza mtu mmoja, kila mtu kivyake.

Kanda ilifika mwisho wa upande ikakatika. Mama alikaa kidogo, akajifunga kitambaa upya, akashuka. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Alikuwanga na haraka huyu mtu," akasema. Hakuniambia mimi, wala baba mdogo. "Kila harusi anaacha wenzake nyuma."

Akaokota ungo akarudi jikoni. Nilimfuata, nikakaa karibu naye, nikasubiri jingine. Tulichambua maharagwe yote. Nilisubiri mpaka Krismasi, nikasubiri mpaka baba mdogo alipoondoka na gari lake baada ya mwaka mpya, akatuachia kanda na vumbi. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mama hakikuwa na mshindo. Kilikaa tu nyumbani kwetu, nasi tukakizoea, nikaenda shule ya bweni, nikapata kazi Eldoret, nikaolewa, na muda wote huo tulizungumza vizuri sana juu ya bei ya majani chai.

Gari langu la leo lilikuja na kila kitu. Kuna spika katika kila mlango na besi chini ya kiti, na hakuna aliyechuna waya kwa meno. Kanda ile kijana mmoja aliihamishia kwenye simu yangu, akaisafisha, kiasi kwamba yule mzee anayedai kiti anasikika kama amekaa nyuma yetu. Wanangu hawaihitaji. Kila mmoja ana vispika vyake masikioni na muziki wake. Tunasafiri wanne na kila mtu yuko kwake. Majirani hushangaa kwamba siwagombezi, na mimi hushangaa ningeanzia wapi. Sitasema zamani ilikuwa bora. Zamani nilikuwa mpweke hadi nikaukumbatia mlango wa gari.

Mwaka jana mama alikuja kwangu kutibiwa macho, na alipopona nikamrudisha Kakamega, sisi wawili tu. Tulipopita Kapsabet nilidhani nitamfurahisha, nikaicheza ile harusi. Ngoma kubwa ilikuja pale pale, nzito, ikitoka kila upande. Nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Alisikiliza kidogo, mikono juu ya mkoba, halafu akanigusa mkono.

"Zima hiyo, Muhonja," akasema. "Tuongee."

Nikazima. Kukawa na mlio wa magurudumu tu, na nikaona sijui mtu huanzaje. Yeye alitazama mashamba ya chai yakipita, kisha akaanza.

"Unajua ni kwa nini walimpa baba yako ile kubwa?"

"Sijui, mama."

"Hakujua kuimba. Aliharibianga watu nyimbo. Wakampa hiyo ndio anyamaze."

Akacheka, kisha akageuka kuona kama nami ninacheka. Nikapunguza mwendo. Lori lililokuwa nyuma likanipigia honi, nikaliacha lipite.