Matairi Mawili Tofauti Hadi Masumbwe

Nilikuwa na sababu mbili za kwenda Masumbwe kwa baiskeli, na niliitangaza moja tu. Wenzangu wa kundi letu la wanawake wapanda baiskeli, hapa Shinyanga mjini, niliwaambia nakwenda kujaribu matairi. Tulikuwa tunataka kununua mapya na hatujakubaliana yapi: haya ya kawaida yenye tyubu ndani, au yale ya kisasa yasiyo na tyubu kabisa, ambayo unayatia maji mazito ya kuzibia matundu na kuyajaza upepo hivyo hivyo. Tulibishana wiki tatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ubishi usiopimwa unaniumiza kichwa. Nikasema gurudumu la mbele nitalivalisha tairi lisilo na tyubu, la nyuma nitaliacha na tyubu yake, niende mbali wakati wa likizo, nirudi na majibu.

Sababu ya pili ilikuwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa mwenzetu, tena mwenye mbio kuliko sisi sote. Mwaka jana, tukirudi kutoka mazoezini, tairi lake la mbele lilipasuka kwenye mteremko wa kabla ya Kolandoto. Alianguka kwenye lami akavunjika mtulinga. Bahati nzuri hospitali ilikuwa karibu. Baadaye alihamia Masumbwe alikokuwa mumewe, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na baiskeli hakuipanda tena. Sasa, tairi lile nililivalisha mimi. Nililivalisha jana yake jioni, kwa haraka, nikichokonolea kwa mpini wa kijiko. Anayejua tairi anajua kwamba kijiko kikitumika ovyo, tyubu hubanwa chini ya ukingo wa tairi, na tyubu iliyobanwa itapasuka tu, ni suala la lini. Je, niliibana? Sikukumbuka. Sikumwuliza mtu na hakuna aliyeniuliza. Simu zangu kwake zikapungua, na zake kwangu zikapungua, nami nikaamini kwamba amekwisha jua.

Ijumaa mchana, nyumbani, nilivalisha tairi la mbele. Kwanza rimu yenyewe: si kila rimu inakubali mambo haya, na yangu niliikubali baada ya kusoma maandishi yake mara mbili. Nikabandika tepu maalumu kuziba matundu yote ya spoki, nikaweka valvu, nikalipaka tairi povu la sabuni ukingoni lipate kuteleza. Kijiko nilikiacha jikoni. Pampu ya mkono ilinishinda, kwa sababu tairi la namna hii linataka upepo mwingi kwa mkupuo ili liruke na kukaa mahali pake. Nikalipeleka kwa mziba pancha wa magari, akafungulia kompresa, nikasikia mlio mmoja, kisha wa pili, ukingo wa kushoto na wa kulia umekaa. Alipofunga kompresa niliachia upepo, nikatia yale maji mazito kupitia valvu, nikajaza tena, nikalizungusha yasambae, nikapima kwa kipimo changu cha upepo. Halafu nikapakia kwenye begi matairi mawili mapya yenye tyubu zake. Hayo yalikuwa ya Mama Kulwa, kama angeyapokea.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka. Hadi Tinde barabara ilikuwa yangu na ya wauza maziwa. Baada ya hapo malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalinipita yakinisukuma pembeni kwa upepo wake, na mimi nikawa naendesha huku nikitunga maneno ya kumwambia Mama Kulwa. Niliyatunga vizuri sana. Kila nilipomaliza sentensi nilimwona yuko chini kwenye lami, ameshika bega, naanza upya.

Kabla ya Isaka, saa nne hivi, nilitoka barabarani kwenda kunywa maji kivulini. Kosa la mgeni, na mimi si mgeni. Kandokando ya njia zetu kuna mbigili, zile mbegu za miiba zinazotambaa na majani, na nilikanyaga kitanda chake kizima. Tairi la nyuma lilikata roho kabla sijarudi kwenye lami. La mbele lilikuwa na miiba kumi imekwama kama njugu. Niling'oa mmoja; maji meupe yakatoka, yakafanya povu, yakanyamaza. Nikaondoa wa pili, vilevile; minane iliyobaki niliiacha palepale, maji yaizibe. Nilicheka peke yangu barabarani. Kisha nikakaa chini kuhudumia la nyuma: kutoa tyubu, kutafuta tundu kwa mate, kusugua kwa msasa, kupaka solusheni, kubandika kiraka, na kupapasa ndani ya tairi mpaka mwiba wenyewe ukanichoma kidole. Mpaka hapo lisilo na tyubu lilikuwa linaongoza.

Kahama niliingia saa nane. Kiraka changu sikukiamini, nikamtafuta fundi mwenye beseni la maji nikipime. Nilimpata mzee mmoja, Fundi Masanja, karibu na wauza mchele, kazungukwa na baiskeli za kubebea magunia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na baiskeli nyembamba hivi?"

Nilimwambia. Kiraka kilikuwa kizima. Kabla sijashukuru alikuwa ameinama kwenye tairi la mbele, kalikandamiza kwa kidole gumba.

"Hili halina upepo," alisema.

"Linao, baba. Linatakiwa hivyo, liwe na ulaini kidogo."

"Tairi liwe jiwe. Kidole kikizama, bado." Akaanza kuvuta mpira wa pampu yake. Ilibidi nishike valvu kwa kiganja. Nikamtolea kipimo changu, nikamwonyesha mshale unapoishia na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Alikitazama kwa adabu, kama unavyotazama picha ya mtoto wa watu.

"Hicho kinajua mtu kabeba nini?" aliuliza. "Kidole changu kina miaka arobaini. Mtu akipakia magunia mawili ya mpunga, tairi laini linamuua njiani."

Kwa magunia mawili ya mpunga alikuwa sahihi kabisa, na nilimwambia hivyo. Lakini mimi sikubeba mpunga. Alicheka, akanisukumia baiskeli yangu, akanishukuru kwa Kisukuma, "Haya, wabeja, nenda na ulaini wako." Nililala kwa mwalimu mwenzangu pale Kahama, nimechoka, na maneno ya Mama Kulwa bado hayajakamilika.

Jumapili, saa mbili asubuhi, njia ya Masumbwe. Nilikwenda vizuri hadi nilipokuta kipande cha barabara kinachotengenezwa, kokoto zenye makali zimemwagwa. Nilisikia mlio kama wa mafuta ya moto, na miguu yangu ikalowa maji meupe hadi magotini. Tairi la mbele lilikuwa limepasuliwa, tundu la urefu wa ukucha. Maji yale huziba tundu la mwiba. Kwa jeraha la namna hiyo yalimwagika tu mpaka yakaisha, na hayo hununui Masumbwe wala njiani kote.

Dawa ni moja: tairi lisilo na tyubu linavishwa tyubu. Nilikuwa nayo moja ya akiba. Niliondoa valvu, nikafuta rimu kwa kanga, nikapapasa ndani ya tairi. Hapo ndipo nilipopatwa na jasho. Ncha za miiba iliyokuwa imezibwa kimyakimya zilikuwa bado zimechomoza ndani, nane, zinasubiri tyubu. Kama ningeiweka bila kupapasa, ningekuwa na matundu nane kwa mpigo. Niliziondoa zote, nikaweka kipande cha tyubu kuukuu juu ya lile jeraha, nikaijaza tyubu upepo kidogo ikae mviringo, nikarudisha tairi kwa vidole gumba vyangu vyote viwili mpaka vikaniuma. Kisha nikazunguka rimu nzima, upande huu na huu, nikisukuma ukingo na kuchungulia kama tyubu imebanwa mahali.

Hilo la kuzunguka na kuchungulia, mwaka jana nililifanya? Nilikaa pale kwenye kokoto nikijaribu kuziona tena dakika zile. Niliona kijiko. Niliona mkono wangu una haraka. Zaidi ya hapo sikuona kitu, na niliona aibu kama mwizi.

Masumbwe, saa nane mchana. Kibanda cha chakula cha Mama Kulwa hakikunipa shida kukipata. Kila mchimbaji alikijua. Nilimkuta anapakua ugali na samaki kwa vijana watano waliotoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na udongo wao masikioni. Alinitazama, akaitazama baiskeli, akaendelea kupakua.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, Mama Kulwa."

"Umekuja na chuma hicho kutoka Shinyanga?"

"Kutoka Shinyanga."

"Kaa ule kwanza. Maneno hayachachi."

Mchimbaji mmoja aliuliza, mdomo umejaa, "Mama, huyu ndiye yule mwalimu wako wa baiskeli unayemsemaga kila siku?" Mama Kulwa alimwambia ale. Mimi niliinamia sahani. Kila siku ananisema, ananisema nini?

Walipoondoka nilisahau sentensi zote nilizotunga tangu Tinde. Nikasema kama zilivyokuja: "Tairi lile nililivalisha mimi. Kwa kijiko. Sijui kama sikubana tyubu. Nilipaswa kuja kukwambia ukiwa bado kitandani, sikuja. Naomba unisamehe."

Alinyanyuka akaenda kwenye baiskeli yangu, akachuchumaa, akaweka kidole gumba juu ya tairi la mbele. Alikandamiza. Kidole kilizama kidogo.

"Hivi ndivyo lilivyokuwa," alisema.

"Lipi?"

"Langu. Siku ile. Wewe uliingia dukani pale kwenye kituo cha mafuta kununua maji. Mimi nikaligusa hivi, nikaona limezama. Nyumbani kwetu baiskeli ya baba ilibeba pamba, ilibeba mpunga, ilibeba na sisi. Nimekua naambiwa tairi liwe jiwe. Nikachukua mpira wa kompresa ya malori, nikajaza mpaka kidole kikakataa." Alisimama, akafuta mkono kwenye kitenge. "Hukubana kitu, Mwalimu. Tulikwenda nalo kilomita ngapi asubuhi ile, lilikuwa linakimbia vizuri tu. Nimeliua mimi."

Niliketi tena. Mwaka mzima. Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Nililia, na katikati ya kulia nikasikia nacheka.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimeharibu gurudumu ambalo kundi zima tulichangishana kulinunua. Halafu ukaacha kupiga simu. Nikajua umekwisha jua, umenikasirikia."

"Mimi nilijua wewe umekasirika."

"Mficha uchi hazai," alisema. "Na sisi tumeficha wawili." Akaniongezea samaki.

Jumatatu, kabla jua halijawa kali, tuliishusha baiskeli yake kutoka kwenye dari la stoo. Mumewe alikuwa ameifunika kwa turubai. Hakuwahi kukubali kuiuza. Tulivalisha yale matairi mawili pamoja. Nilisimama pembeni, yeye akafanya kwa mikono: ukingo wa kwanza, tyubu yenye upepo kidogo, ukingo wa pili kumalizia kwenye valvu, kuzunguka na kuchungulia. Alizunguka mara mbili. Kisha akajaza kwa pampu, na nikaona kidole gumba kinakwenda chenyewe kwenye tairi. Nilimpa kipimo cha upepo kabla hakijafika.

"Kwa uzito wako na matairi haya, sitini," nilimwambia. "Sitini tu. Chukua, ni chako."

"Na wewe utapimia nini?"

"Nitaazima Kahama kwa Fundi Masanja," nilisema, na hakuelewa nilichochekea.

Alinisindikiza hadi lami inapotoka mjini. Mwanzo aliendesha kama anayepita juu ya mayai, bega moja limepanda. Nilibaki nyuma yake nikisikiliza magurudumu yake, na hayakusema kitu. Kwenye mteremko mdogo wa mwisho nilimwona anagusa breki, anaachia, anagusa tena, kisha anaachia kabisa. Aligeuza pale chini bila kushuka, akanipungia mkono.

Shinyanga nilifika Jumanne jioni, bila pancha nyingine. Kundi nimelipa majibu yangu: tununue yenye tyubu, kwa sababu kila mmoja wetu anaweza kuyatengeneza kando ya barabara, na yale maji ya kuzibia ni adimu huku kwetu, tena hukauka upesi kwa joto letu. Anayependa njia za mbigili avae yasiyo na tyubu, lakini abebe tyubu moja mfukoni, na akiitia apapase miiba kwanza. Na kila mtu awe na kipimo chake. Hilo la mwisho walilipitisha bila ubishi, na sikuwaeleza kwa nini nililisema kwa sauti kubwa.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi na mapema, simu iliita. Salamu kwetu, mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya mchana, hazirukwi. Mtu atakuuliza habari za watoto, za ng'ombe na za mvua kabla hajakwambia nyumba inaungua. Lakini nilipopokea, nilisikia kwanza upepo wa barabarani, halafu sauti ya Mama Kulwa.

"Sitini," alisema. "Mbele na nyuma. Mwangaluka, Mwalimu."