Moyo wa Kaa na Ulimi Wangu

Jumanne iliyopita, mchuuzi wa mahindi kutoka Kegonga aliniletea habari kwamba mwalimu mmoja wa bayolojia amefariki, na wiki mbili zimepita tangu azikwe. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka niliwahi kumtania hapa, nikimwita daktari wa kaa. Mazishini sikwenda kwa kuwa sikujua. Lakini hata ningejua, sijui ningeketi wapi.

Alifundisha hapa Homa Bay, katika shule ambayo mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi. Alikuwa Mkuria, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu. Siku moja aliniita maabara nikatazame kisahani cha maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na moyo wa kaa, mdogo, mweupe, uko peke yake na bado unapiga. "Sasa tazama, mzee." Akachukua maji mengine, alimokuwa ameloweka vile viungo vidogo vilivyo kando ya moyo wa kaa, akadondosha tone moja. Moyo ukashika kasi, ukapiga kwa nguvu. "Hiyo ni homoni," akasema. "Inaingia kwenye damu, na damu inaupelekea moyo habari." Nikamuuliza, "Na moyo unatii tu?" Akacheka. "Unatii, mzee. Hauulizi nani ametuma."

Wanafunzi walisimulia nyumbani, wazazi wakataka maelezo, mkutano ukaitishwa, nami nikawa mkalimani. Kijaluo kina adundo, moyo wa nyama unaopiga kifuani, na kina chuny, ambalo ni ini na pia ni roho ya mtu. Tofauti niliijua. Nikasema chuny. Homoni nikaiita yath, yaani dawa, iwe ya hospitali au ya mganga. Jua lilikuwa kali, watu wamechoka, nikataka wacheke. Wakacheka kweli. "Japuonj," mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akamwita mwalimu, "ukimaliza roho za kaa utaanza na za mama wakwe?" Mzee aliyeketi nyuma hakucheka. "Mtoto wangu hatatolewa roho kwa dawa ya mgeni," alisema, na kicheko kikakatika. Mwalimu akanigeukia. "Wanasemaje?" Nikamjibu, "Wanakushukuru."

Kabla muhula haujaisha alihamishiwa Migori, na maabara ikawa stoo ya maharagwe. Alipokuja kuniaga alinipa mkono: "Asante kwa kunitafsiria, mzee." Mpaka leo sijui kama alijua. Kegonga, kwao huko huko Migori, si mbali, ni safari ya siku moja. Miaka sita nimesema nitakwenda nimweleze, na kila mwaka nikapata sababu. Mwaka wa mwisho nilisingizia gugumaji lililoziba ziwa, kana kwamba Kegonga hufikiwa kwa mashua.

Huku kwetu kila siku kuna mtu anasimama kati ya lugha mbili, kwa chifu, zahanatini, mahakamani, na tunamwona kama mrija tu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nilidondosha tone langu, na mioyo ya wazazi ikatii bila kuuliza nani ametuma. Msomaji, ukipewa neno la mtu ulipeleke, lifikishe kama lilivyo, hata kama halichekeshi. Neno lilikuwa adundo. Nililijua.