Jasho la Fundi Peku

Waliomwita Fundi Peku hawakumsingizia. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha cherehani ya miguu bila viatu, akidai fundi anayeshona na viatu ni sawa na mpishi anayeonja mchuzi kwa ulimi wa jirani. Sakafu ya duka ilijaa pini. Ikimchoma, aliruka na kulaani, na mkewe, aliyekuwa akitia vifungo pembeni, alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha akaacha kuruka. Siku moja mkewe aliona pini imezama chini ya kidole gumba cha mguu wake, mwenyewe anashona huku akipiga mluzi.

"Baba, una pini mguuni!"

"Ngozi imekomaa, mama watoto. Hii sasa ni soli."

Wakacheka wote wawili, jambo ambalo mama yule hajajisamehe hadi leo.

Maana fundi alikuwa na sukari. Aliambiwa miaka sita nyuma, pamoja na presha na mafuta kwenye damu. Vidonge alimeza alipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Tumbo lilipokua hakushtuka, kwa kuwa kila suruali yake aliiachia akiba ya kitambaa kwenye mshono, akawa anaifungua kidogo kidogo. Fundi mzima, anayetunga uzi bila miwani, hakuuona mwili wake ukifumuka! Hata kidonda cha ile pini kilikaa miezi minne bila kufunga, kimevimba na kina joto. Yeye alikizungushia vipande vya bitana, akaendelea na kazi.

Jumanne moja asubuhi, wakiwa wanashona sare za shule, jasho lilimtoka mpaka likadondokea shati jeupe. Pumzi ikawa fupi, na kichefuchefu kikampanda.

"Kifua kinauma?" mkewe akauliza.

"Hakiumi. Nguvu tu zimeniisha."

Kwa kuwa hakiumi, mama akatulia. Alivuka barabara, akamletea soda baridi, chupa kubwa, irudishe nguvu. Fundi akainywa yote, akapumzika kidogo, akarudi kwenye sare. Siku ya nne alishindwa kupanda ngazi tatu za mlango wa nyumba yake. Miguu ilikuwa imejaa maji, na kila akilala chali anakosa hewa.

Hospitalini, baada ya kusimuliwa habari ya pini na ya jasho, daktari alivuta kiti karibu na kitanda. Alikuwa dada mmoja wa sauti ya chini.

"Mzee, ulipata shambulio la moyo. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu. Ndiyo maana hukusikia pini, na ndiyo maana kifua hakikukuuma. Sukari hiyo, na mafuta ya tumboni, huuweka mwili katika moto wa ndani kwa ndani usioonekana, nao huchubua mishipa ya damu mpaka inaziba. Kidonda kama hicho huzidi kuuchochea."

"Sasa?"

"Sehemu ya msuli wa moyo imekufa, haitarudi. Iliyobaki tutaitunza kwa dawa. Lakini cherehani ya miguu, basi tena."

Fundi aliitazama miguu yake.

"Hiyo siku ya jasho mlifanya nini?" daktari akauliza, kalamu mkononi. "Saa zile za mwanzo ndizo zingeuokoa msuli."

Soda ile mama aliipeleka kwa mikono yake mwenyewe, tena akaifungua. Alifumbua mdomo aseme.

"Nilienda kujinunulia soda," fundi akamwahi, akihema. "Mke wangu alinisihi sana tuje hapa. Mimi ni mbishi, daktari. Muulize yeyote."

Katika mafundi wote wa mtaa ule, yeye peke yake hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu siku ya kuchukua nguo. Mkewe aliushika mkono wake akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Daktari aliandika kama alivyoambiwa.